Karatasi za Kwenda Kufanya Kazi Ughaibuni: Mwongozo Kamili kwa Anayeanzia Dodoma

Nina steshenari karibu na soko la Majengo: kompyuta mbili, printa moja yenye kiburi, na benchi la wateja. Kwenye benchi hilo wamekaa madereva, wauguzi, mafundi umeme na mabinti wa mahotelini, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Wengi wanarudi mara ya tatu au ya nne na shida ileile: jina. Viza huombwa mwisho, lakini huharibika mwanzoni kabisa, siku mtu alipoandikishwa darasa la kwanza.

Nimelenga anayekwenda Ghuba, yaani Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Qatar au Oman, maana huko ndiko wateja wangu wengi wanakoelekea. Anayekwenda Ujerumani au Kanada atumie hatua ya 1 hadi ya 5, kisha ashike masharti ya ubalozi wake.

## Kusanya hivi kabla ya kuanza

- Kila karatasi uliyowahi kupewa yenye jina lako: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama unacho, cheti cha darasa la saba, cha kidato cha nne, cha chuo, kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva.
- Cheti cha kuzaliwa chako na cha mzazi mmoja. Kama hakuna, soma hatua ya 2.
- Namba ya NIDA, na kadi yenyewe kama imeshatoka.
- Barua ya mwajiri ya kukuita kazini.
- Anwani ya barua pepe ambayo ni yako na nywila yake unaijua. Usitumie ya binamu. Nimeona mtu akikosa taarifa za maombi yake kwa sababu binamu alibadilisha simu.
- Bahasha mbili ngumu: moja ya nyaraka halisi, nyingine ya nakala. Zisichanganyike.
- Fedha ya akiba ya safari mbili za Dar es Salaam. Balozi nyingi bado ziko kule, japo serikali imehamia huku kwetu.

## Hatua ya 1: Linganisha majina, herufi kwa herufi

Chukua karatasi, chora jedwali. Kushoto andika kila nyaraka uliyonayo. Juu andika: jina la kwanza, la kati, la mwisho, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa. Kisha nakili kama kilivyoandikwa, na makosa yake yote. Usirekebishe chochote kichwani.

Hapa ndipo watu wanaponikatalia. "Kaka, hilo si ni jina moja tu?" Kwetu ni moja. Yohana, Johana na John ni mtu mmoja kanisani. Zainabu na Zainab ni dada mmoja nyumbani. Lakini ofisa wa Riyadh hamjui bibi yako. Mbele yake kuna mfumo unaolinganisha herufi, na herufi moja ikizidi anaona watu wawili.

Kanda hii ya kati ina ugonjwa wake. Mtoto kabatizwa kijijini, jina la ukoo likaandikwa kwa masikio ya Kigogo: Chilewa. Shuleni mwalimu aliyetoka mkoa mwingine akaandika Chirewa. Kwenye usajili wa NIDA mwandikishaji akalifanya Kilewa. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja aliandika alivyosikia. Halafu kuna wanaotumia jina la baba shuleni na la babu kwenye kitambulisho. Huyo ana majina mawili ya mwisho, na jina la mwisho ndilo nchi za nje zinalokutambulia.

Sasa, ufuate jina la nyaraka ipi? Kama unakwenda kwa taaluma yako, fuata cheti cha kidato cha nne. Cheti cha NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ndicho kigumu kuliko vyote kukibadili, kwa hiyo nyaraka nyingine ndizo zisogee kukifuata. Kama kazi haihitaji vyeti vya shule, fuata cheti cha kuzaliwa.

Tahadhari kuhusu kiapo. Watu wanapenda kiapo cha wakili kinachosema "Chilewa na Kilewa ni mtu mmoja". Ni rahisi, kinatoka siku hiyohiyo, na kwa shughuli za hapa nchini mara nyingi kinatosha. Ubalozini kinaweza kukubaliwa leo na kukataliwa kesho. Kitumie kama bandeji: kinaziba kidonda kidogo, hakiungi mfupa. Tofauti ikiwa kubwa, kama jina zima limebadilika, unahitaji hati ya kubadili jina inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Umefaulu hatua hii pale unapoweza kusoma jedwali lako kutoka juu hadi chini bila kusema "ila" hata mara moja. Kama "ila" ipo, umejua ofisi ya kwanza ya kwenda.

## Hatua ya 2: Cheti cha kuzaliwa, chako na cha mzazi

Usajili ni wa RITA, wakala wa serikali wa kuandikisha vizazi na vifo. Unaweza kuomba kupitia mfumo wao wa eRITA au kwenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako Katibu Tawala wa Wilaya ndiye msajili.

Ambaye hajawahi kusajiliwa, na hapa Dodoma mko wengi, ana bahati asiyoijua: anachagua leo herufi zitakazoandikwa. Jaza fomu kwa herufi za cheti chako cha shule. Mtu mzima anayechelewa kusajiliwa hudaiwa ushahidi, ndiyo maana nimekutuma utafute kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na cha darasa la saba. Barua ya mtendaji wa kata nayo husaidia.

Angalia na mahali pa kuzaliwa. Wilaya za Bahi na Chamwino zilitokana na Dodoma Vijijini mwaka 2007, na Chemba ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Aliyezaliwa 1996 katika kijiji ambacho leo kiko Chemba, cheti chake cha zamani kinasema Kondoa, naye kwenye fomu za mtandaoni anajaza Chemba kwa sababu ndiko kwao. Jaza kilichoandikwa kwenye cheti. Jiografia ya leo haihusiki.

Kuhusu mzazi: maombi ya pasipoti yanataka cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo cha kuzaliwa kwake. Mzee wa Mpwapwa aliyezaliwa enzi za mkoloni hana cheti, na hapa kiapo kinakubalika. Hakikisha tu jina lake kwenye kiapo ni lilelile lililo kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Mama aliyeandikwa "Mama Neema" akili yako inamjua, mfumo haumjui.

Cheti kikishatoka, omba uhakiki wake kupitia eRITA. Kuna vyeti vya zamani vya kuandikwa kwa mkono ambavyo taarifa zake hazipo kwenye mfumo, na ni afadhali ukajua leo.

## Hatua ya 3: NIDA isome kama cheti

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Itazame sasa hivi. Kama cheti kinasema 14 Machi 1998, namba lazima ianze na 19980314.

Kosa la jina hurekebishwa kwenye ofisi ya NIDA ya wilaya. Nenda na cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Kosa la tarehe ni zito zaidi kwa sababu limo ndani ya namba yenyewe, na namba hiyo imeshafungwa kwenye laini ya simu, benki na kwingineko. Ndiyo maana nasema NIDA itangulie pasipoti. Pasipoti inasoma taarifa zako kutoka huko, hivyo ukiwahi pasipoti unanunua kosa lako kwa bei ya pasipoti.

## Hatua ya 4: Pasipoti

Maombi hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Ukimaliza kipande cha kwanza unapata kontroo namba, unalipia fomu, unaendelea. Jumla ni shilingi 150,000, na pasipoti ya kawaida inadumu miaka 10.

Andaa cheti cha kuzaliwa, cha mzazi au kiapo, kitambulisho cha NIDA, picha, na ushahidi wa sababu ya safari. Hapo kwenye sababu ya safari ndipo barua ya mwajiri inapoingia. Mwajiri atadai nakala ya pasipoti ndipo akupe mkataba kamili, na Uhamiaji watakuuliza unakwenda kufanya nini. Suluhu ni barua ya awali ya kuitwa kazini yenye jina la kampuni, kazi na nchi. Iombe mapema.

Siku ya mahojiano jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Usiseme "natembea tu" wakati barua inasema udereva wa lori.

Unapopewa pasipoti, usiondoke dirishani kabla hujaisoma. Soma hadi ile mistari miwili ya chini yenye alama za <<<. Jina lililo kabla ya alama mbili za kwanza zinazofuatana (<<) ndilo la ukoo, na ndilo litakaloandikwa kwenye viza, tiketi na kibali cha ukaazi. Tangu siku hiyo, kila fomu ya nje utaijaza kwa kufuata pasipoti.

## Hatua ya 5: Usigonge muhuri wowote kabla ya kuuelewa mkataba

Najua umechoka na ofisi, na wakala anapiga simu kila saa moja. Subiri kidogo.

Soma mambo haya manne: kazi yenyewe, mshahara na sarafu yake, muda, na nani analipa nini. Kazi iliyoandikwa kwenye mkataba lazima ilingane na itakayoandikwa kwenye viza. Binti aliyeahidiwa mapokezi ya hoteli akaletewa viza ya mfanyakazi wa nyumbani hajapata kosa la uchapaji. Ameuzwa kitu kingine. Wafanyakazi wa nyumbani Saudi Arabia wana kanuni zao peke yao na huajiriwa kupitia jukwaa la mtandaoni la Musaned.

Kuhusu malipo: kifungu cha 40 cha sheria ya kazi ya Saudi Arabia kinamtwika mwajiri gharama za kumleta mfanyakazi, za iqama (kibali cha ukaazi cha kule) na kibali cha kazi pamoja na kuvihuisha, na tiketi ya kurudi uhusiano wa kazi ukiisha. Falme za Kiarabu nazo, kwa sheria yao ya kazi ya 2021, zinamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Kwa hiyo wakala anayekuambia "lipia iqama hapa Dodoma tukuwahishie" anakutoza kitu ambacho hata hakitolewi Dodoma.

Wakala binafsi wa ajira anatakiwa kuwa na leseni. Waulize TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, kama wanamtambua. Kwa Falme za Kiarabu, mkataba na kibali cha kazi huwa na namba unayoweza kuihakiki kwenye mfumo wa wizara yao ya kazi. Mwambie wakala akupe namba. Akianza hadithi ndefu, umeshapata jibu.

Na ile njia ya "ingia kwa viza ya matembezi, kazi utaipata kulekule"? Mimi siijazi fomu hiyo, hata mteja akiongeza dau. Dubai, siku zako zikipita, faini ni dirham 50 kwa kila siku, na ukiwa katika hali hiyo kila mwenye nyumba na kila mwajiri anakushika masikio.

## Hatua ya 6: Mihuri, kwa mpangilio wake

Nchi ya nje haimjui mkuu wa chuo chako. Inaujua muhuri wa ubalozi wake, ubalozi unaujua muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje yetu, na Wizara inataka uthibitisho wa aliyetoa cheti. Ni ngazi, ukiruka kidato unarudishwa chini.

Kwanza, aliyetoa cheti. Kidato cha nne na cha sita ni NECTA, vyuo vya kati ni NACTVET, chuo kikuu ni chuo chenyewe. Wauguzi mna kazi ya ziada: Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo makao makuu yake yako hapahapa Dodoma, litoe uthibitisho wa usajili na hadhi yako. Mamlaka za afya za Ghuba huhakiki vyeti kupitia kampuni ya DataFlow, inayowasiliana moja kwa moja na chuo chako. Nenda chuoni uwaambie barua hiyo inakuja. Muuguzi mmoja wa Nkuhungu alisubiri wiki nyingi kwa sababu barua pepe ilikuwa imelala kwenye anwani ambayo mwenye kuifungua alishastaafu.

Pili, tafsiri, kama ipo. Nyaraka ya Kiswahili inayohitaji kutafsiriwa itafsiriwe na mtu au taasisi inayotambuliwa. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hufanya kazi hiyo. Tafsiri itangulie muhuri wa Wizara, isije ukawa na nyaraka yenye muhuri na tafsiri isiyo nao.

Tatu, Wizara ya Mambo ya Nje. Iko Mji wa Serikali, Mtumba. Watu wa Dodoma tumependelewa: wenzetu wa Mbeya wanalala njiani kufuata muhuri huu, sisi tunapanda daladala. Fika asubuhi, na nyaraka halisi pamoja na nakala. Usipeleke cheti kilichowekwa laminesheni, maana muhuri hautashika. Steshenari nyingi zitakushawishi ulamineti kila kitu. Mimi nina mashine hiyo na nakukataza.

Nne, ubalozi. Huu ni wa Dar es Salaam. Treni ya SGR ya alfajiri imewapunguzia watu gharama ya kulala gesti, lakini angalia kwanza saa na siku za kupokea nyaraka. Balozi za Ghuba hufunga sikukuu zao na zetu.

Umefaulu ukiwa na cheti chenye muhuri wa Wizara na wa ubalozi, vyote vikisomeka. Piga picha pande zote mbili siku hiyohiyo. Falme za Kiarabu zitaongeza muhuri wa wizara yao ukifika kule; hiyo ni kazi ya mwajiri.

## Hatua ya 7: Vinavyooza haraka viwe vya mwisho

Hati ya polisi ya tabia njema na vipimo vya afya vina muda mfupi wa uhalali. Watu huvikimbilia kwanza kwa sababu vinaonekana rahisi, halafu vinaisha muda wakati NIDA bado inarekebishwa, na fedha imekwenda.

Hati ya polisi inahitaji alama za vidole. Wanaoshika jembe na wanaochanganya saruji, wiki moja kabla pumzisheni mikono na kuipaka mafuta, la sivyo alama hazisomeki na mnarudishwa.

Vipimo fanya kwenye kituo ambacho nchi unayokwenda inakitambua. Majibu ya zahanati yoyote tu hayapokelewi hata yawe sahihi vipi. Hutazamwa kifua kikuu kwa eksirei, VVU, homa ya ini B na C, kaswende, na ujauzito kwa wanawake. Nashauri upime kimyakimya hapa nyumbani kabla hujatoa fedha kubwa. Kovu la TB ya zamani iliyopona likionekana kwenye eksirei linaweza kukukwamisha. Beba cheti chako cha kumaliza dozi.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano: dozi moja, na tangu 2016 inahesabika kwa maisha yote. Kama ulishachanjwa, usichanjwe tena kwa sababu ya kadi tu.

## Hatua ya 8: Viza ikitoka, isome

Nyumbani watapiga vigelegele. Wewe kaa pembeni na pasipoti mkononi, ulinganishe: jina, namba ya pasipoti, aina ya viza, kazi, jina la mwajiri, tarehe ya mwisho ya kuingia. Kosa likionekana Dar es Salaam linarekebishwa kwa barua; likionekana uwanjani kule, linaweza kukurudisha na ndege ileile.

Jina la tiketi lifanane na la pasipoti. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6 siku unayoingia, ingawa kwa mkataba wa miaka miwili mimi ningetaka miaka mitatu.

## Hatua ya 9: Viza imekuingiza, ukaazi bado

Hapa wengi wanalala. Viza ya kazi ni mlango tu. Kibali cha ukaazi ndicho kinachokuruhusu kufungua akaunti, kupanga nyumba na kutumia hospitali bila wasiwasi.

Falme za Kiarabu: kibali cha kuingia kwa kazi kinakupa siku 60. Ndani yake unapimwa tena afya, unatoa alama za vidole, na unapewa kitambulisho cha Emirates. Tangu 2022 hakuna tena stika ya ukaazi kwenye pasipoti. Kitambulisho hicho ndicho ukaazi wenyewe. Usishtuke kuona pasipoti nyeupe.

Saudi Arabia: mwajiri ana siku 90 za kukukatia iqama. Ukishaipata, jisajili kwenye Absher, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya kule, kwa namba ya simu yako mwenyewe, uone tarehe ya kuisha kwa macho yako. Iqama iliyoisha bila wewe kujua inabaki kuwa shida yako barabarani, hata kama kosa ni la mwajiri.

Pasipoti yako ikae kwako. Mwajiri anaweza kuihitaji siku chache za kushughulikia ukaazi, kisha airudishe. Qatar, kwa mfano, sheria namba 21 ya 2015 inamtoza faini hadi riyali 25,000 mwajiri anayeishikilia.

Wiki ya kwanza, jiandikishe kwenye ubalozi wetu: upo Riyadh, Abu Dhabi, Doha na Muscat, na Dubai kuna ubalozi mdogo. Ukipoteza pasipoti, kuwa tayari kwenye daftari lao kunaokoa siku nyingi.

Kabla hujaondoka, acha seti kamili ya nakala kwa mtu mmoja asiyehamahama. Wengi huwaachia kaka zao, na kaka huhama. Mteja wangu mmoja aliacha kwa mama yake Kikuyu, hii ya Dodoma, ndani ya sanduku la vitenge. Mwaka uliofuata alipohitaji nakala ya cheti usiku, mama alimpa kijana wa jirani apige picha, na hadi alfajiri ilikuwa imeshafika Muscat.